Chungu Kimoja, Kila Mtu na Sahani Yake

Maneno ya kamati ya afya, yaliyosomwa mbele ya wanachama na wageni, Baraka, tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani

 

Katika mikutano yetu tumezoea kuzungumza juu ya viwanja, minervali ya watoto, likelemba, na wagonjwa wa kutembelea. Leo tunataka kuzungumza juu ya chungu. Sababu ni hii: kila tukifunga mkutano, kuko wanachama wanaobaki nyuma, mmoja mmoja, na wote wanaleta swali moja. Wanasema: "Muganga aliniambia nipunguze bugali, niache sukari, nikule mboga na samaki. Sasa kwangu tuko watu nane na chungu ni kimoja. Mimi nikikula yangu, watoto bakule nini?"

Swali hilo lina vipande viwili. Kipande cha kwanza, mgonjwa ale nini, kinajibiwa pale kituo cha afya, tena mara nyingi kwa dakika tano kwa sababu foleni ni ndefu. Kipande cha pili, nyumba nzima ile nini, hakuna anayekijibu. Mgonjwa anarudi nacho nyumbani kama alivyokwenda nacho. Ndiyo maana sisi kamati tumekaa na waganga wanaotusaidia, tumekaa na mama zetu wanaopika, tukatafuta jibu la nyumba yenye watoto na mfuko mdogo.

Jibu lenyewe tunalisema mapema ili asiyeweza kukaa mpaka mwisho aende nalo: vyungu viwili havihitajiki. Chungu ni kimoja, sahani ndizo zinatofautiana. Na mwenye ugonjwa asiwe wa mwisho kula.

SUKARI HAITOKI KILIBA PEKE YAKE

Wengi wakisikia "ugonjwa wa sukari" wanafikiri ni ile sukari ya kilo, kama ile iliyokuwa inatoka kiwandani Kiliba. Wanaacha kuitia ndani ya chai, halafu wanakaa mbele ya mlima wa bugali wakidhani wako salama. Ndugu zetu, sukari ya damu haitoki Kiliba peke yake. Bugali wa muhogo, bugali wa mahindi, wali, viazi, mkate, ndizi za kupika, vyote vikifika tumboni vinavunjwa vinakuwa sukari, na sukari hiyo inaingia katika damu.

Kwa mtu mzima wa afya, kongosho inatoa insulini. Insulini ni kama ufunguo: inafungua milango ya mwili, sukari inaingia ndani kufanya kazi. Kwa mwenye kisukari, ufunguo haupo, au ni mchache, au mlango umekuwa mgumu. Basi sukari inabaki barabarani, ndani ya damu, na huko inaharibu kidogo kidogo macho, figo, moyo na mishipa ya miguu. Mtu anaweza kuharibika miaka mingi bila kusikia maumivu.

Kuko pia wanaosema: "Hiyo ni ugonjwa ya batajiri, ya watu banene." Maneno hayo yamechelewesha watu wengi kwenda kupima. Ni kweli unene unaleta kisukari, lakini hapa kwetu Kivu waganga wanakutana pia na wagonjwa wembamba, watu wa jembe na watu wa wavu. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali kukipa jina kisukari kinachofungamana na njaa na utapiamlo wa utotoni: kisukari cha aina ya 5. Sisi tuliokimbia mwaka 1996, wengine wakiwa migongoni mwa mama zao, tunajua njaa ya njiani ilivyokuwa. Mtu asijicheleweshe kwa sababu ni mwembamba.

Dalili mnazijua: kiu isiyokwisha, kukojoa usiku kila mara, sisimizi kufuata mkojo, kukonda huku unakula, macho kuona ukungu, kidonda kisichopona. Kwa mtoto ni vilevile, ila kwake mambo yanakwenda mbio. Mtoto aliyeanza kukojoa kitandani tena, anakonda, anatapika, anapumua kwa nguvu, asitibiwe malaria peke yake. Apimwe sukari siku hiyohiyo. Kwa mtu aliyeamka bila kula kitu, kipimo cha kawaida kiko kati ya 70 na 100. Kikifika 126 au zaidi, na kikarudiwa siku nyingine kikawa vilevile, huo ni ugonjwa wa sukari.

SAHANI

Sasa tuje mezani, au tuseme tuje kwenye mkeka, maana wengi wetu tunakula hapo.

Chukua sahani yako mwenyewe, ile ya kawaida, isiwe beseni. Igawe kwa macho. Nusu yake iwe mboga: lengalenga, matembele, majani ya maboga, sombe, shu, ngaingai, biringanya. Robo iwe kitu cha kujenga mwili: ndagala, samaki, maharagi, yai, au nyama siku ikipatikana. Robo inayobaki ndiyo ya bugali, wali au viazi. Kama huna jicho la kupima, pima kwa mkono: bugali usizidi ngumi yako mwenyewe iliyofungwa.

Tunajua mtakavyocheka. Kwetu mtu akila bugali wa ngumi moja wanauliza kama ana homa. Tumezoea kinyume: bugali ndio chakula, mboga ni ya kusindikiza. Lakini anza na mboga, fuatisha ndagala au maharagi, bugali umalizie nao. Tumbo linajaa mapema, na sukari haipandi kwa haraka kama ungeanza na bugali mtupu.

Unga nao si mmoja. Unga wa muhogo peke yake ni karibu wanga mtupu. Ukichanganya muhogo na mahindi ya dona, yale yasiyokobolewa, au na mtama, unapata bugali unaokaa tumboni muda mrefu zaidi. Wengi wetu tulijifunza neno dona kule Tanzania, na kuko waliolidharau kwa sababu sembe ni nyeupe. Kwa mwenye sukari, dona ni bora. Lakini msidanganyike: dona nayo ni wanga, na ngumi inabaki ngumi.

Mafuta ya mawese hatuyafukuzi. Yana kitu ambacho mwili unakigeuza vitamini A, na sombe bila mawese ni nani ataila? Ila kijiko kimoja kwa mtu kinatosha. Karanga za kusaga ndani ya sombe ni nzuri pia. Makayabo na samaki wengine wa chumvi waloweshwe na maji yamwagwe, kwa sababu kisukari na presha vinapenda kutembea pamoja. Chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima, tukihesabu vyote, isizidi kijiko kimoja cha chai.

Matunda tunaruhusiwa, lakini kwa kiasi. Chungwa moja, au ndizi mbivu moja ndogo, au nusu ya embe, si vyote siku moja kwa mpigo. Tunda liliwe, lisikamuliwe, kwa sababu juisi inafika kwenye damu mbio. Avoka ina sukari kidogo sana na inashibisha. Muwa, asali na sukari guru ni sukari kama sukari nyingine, hata kama vimetoka shambani kwetu. Soda moja ya mililita 300 inaweza kuwa na gramu 30 za sukari au zaidi, yaani kama vijiko 8 vya chai. Hakuna mama anayeweza kutia vijiko 8 ndani ya kikombe cha mgeni wake asione haya, lakini soda tunaigawa bila kufikiri.

WATOTO NA CHUNGU HICHOHICHO

Sasa kile kipande cha pili cha swali. Kuko nyumba ambazo zimejaribu kupika mara mbili: chungu cha mgonjwa na chungu cha wengine. Kwa wiki moja inakwenda. Wiki ya pili makaa yanakwisha, mama anachoka, na mgonjwa anaanza kusikia haya kwa sababu ndagala zote ziko kwenye sahani yake na watoto wanamtazama. Anaacha. Tumeliona hilo mara nyingi, na hatumlaumu mtu.

Angalieni tena ile sahani. Vitu tunavyomwongezea mgonjwa ni mboga, maharagi na ndagala. Ni vitu hivyohivyo ambavyo watoto wetu wanakosa. Mtoto anayepewa paka bugali na mchuzi kila siku, ndiye tunayemwona na miguu imevimba na nywele zimekuwa nyekundu, tunasema ana bwaki. Basi chungu kinachomfaa baba mwenye sukari ndicho kinachomkinga mtoto na bwaki. Kupika kwa ajili ya mgonjwa si kuwanyima watoto, ni kuwaongezea.

Tofauti iko kwenye kupakua. Mtoto anakua, anakimbia, anahitaji nguvu: yeye apewe bugali zaidi ya ngumi yake, apewe ndizi yake, apewe karanga. Uji upikwe bila sukari ndani ya sufuria, kisha kila mtu atie yake kikombeni. Chai vilevile. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Huyu wa sukari aulizwe, na kwanza aulizwe umetiwa nini.

Tunajua kuna jambo gumu hapa. Kwetu tunakula pamoja, mikono mingi kwenye sinia moja, na mtu anayejitenga na sahani yake anaonekana ametengwa, au ana kiburi, au kuna maneno na mke wake. Hili halitatuliwi na muganga, linatatuliwa na wenye nyumba. Mkae chini, mseme mbele ya watoto wakubwa: "Baba ana sukari, sahani yake inapakuliwa kwanza, halafu anakaa na sisi palepale." Anakula pamoja na wengine kwenye mkeka uleule. Kinachojulikana ni kipimo chake tu. Mkiisha kusema mara moja, ajabu inakwisha.

FEDHA ZITOKE WAPI?

Mtu atasema: mboga na ndagala ni maneno mazuri, lakini fedha? Tufanye hesabu moja pamoja. Nyumba ya watu 8, wanakunywa chai mara moja kwa siku, vijiko 3 kila kikombe. Hivyo ni vijiko 24. Kijiko cha chai kinabeba gramu 4 hivi. Kwa mwezi mmoja nyumba hiyo inakunywa karibu kilo 3 za sukari. Wakishuka mpaka kijiko 1 kwa kila mtu, karibu kilo 2 zinabaki dukani. Bei ya kilo hizo 2, kila mmoja aihesabu kwa bei ya soko la kwake, aipeleke kwa mama anayeuza ndagala au maharagi. Hatujaongeza hata franka moja kwenye matumizi ya nyumba.

Msishuke siku moja. Kutoka 3 kwenda 2, mkae wiki mbili, halafu 1. Ulimi unajifunza.

La pili ni mboga za kando ya nyumba. Tunajua kuna wenzetu waliorudi wakakuta mashamba yao yanalimwa na wengine, na kesi hazijaisha. Lakini lengalenga haihitaji hekta. Gunia moja lililojazwa udongo na samadi, na mashimo pembeni, linatosha kuanza, na maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi yananywesha. Matembele ukiisha kuyapanda yanajiotea yenyewe. Wanaotaka mbegu na miche, majina yaandikwe leo kwa mwandishi wa kamati.

MAMA ANAYEKULA MWISHO

Hapa tunaomba mtusikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanakufa.

Tumezungumza juu ya sukari inayopanda. Kuna sukari inayoshuka, na hiyo haingoji miaka. Inaweza kumaliza mtu kwa saa chache. Inatokea namna hii: mama ana kinini chake, anameza asubuhi kama alivyoambiwa. Nyumbani kuna kiporo kidogo, anawapa watoto wanaokwenda shuleni. Anachukua jembe. Saa sita jua ni kali, hajala. Anatetemeka, jasho baridi linamtoka, moyo unamwenda mbio, anaanza kusema maneno yasiyoeleweka, anaanguka. Wanaompata wanasema ni pepo. Mwenzetu mmoja alipita njiani akiyumba, watu wakasema amekunywa lutuku tangu asubuhi, wakamwacha akae kivulini "ipungue". Mtoto wa jirani ndiye aliyekumbuka kwamba yule papa ana sukari.

Dawa hazifanani. Metformini peke yake mara chache inashusha sukari kupita kiasi. Lakini Glibenklamidi inasukuma kongosho itoe insulini, umekula au hukula. Sindano ya insulini nayo ni vilevile, ikishaingia haiulizi kama chungu kilipikwa. Kwa hiyo kila mwanachama ajue jina la dawa yake, si kusema "vile vidogo vyeupe". Na amuulize muganga wake swali hili kwa maneno haya: "Siku chakula kimekosa nyumbani, nifanye nini na dawa?" Mwelewane mapema. Msipunguze wala kuacha wenyewe, hasa wenye sindano. Mtoto au kijana anayeishi kwa insulini akiachishwa kabisa, hawezi kupona kwa maombi wala kwa mizizi, atakufa. Tunalisema wazi na tunawaomba wachungaji, masheikh na waganga wa kienyeji waliomo humu watusaidie kulisema.

Kinini kinafuata chakula. Kimeze ukiwa umekaa mbele ya sahani. Na mama mwenye sukari apakue yake kwanza. Kwetu mama mwema ni yule anayekula mwisho, anakwangua ukoko baada ya wote kushiba. Tunaiheshimu mioyo hiyo, na sisi wenyewe tulilelewa nayo. Lakini mama mwenye dawa ya sukari akila mwisho, au asipokula, watoto aliowapa chakula chake ndio watakaomlilia. Baba wa nyumba, kazi hii ni yako: uangalie kama mama amekula kabla hujanawa mikono.

Kila mwenye dawa hizi atembee na kifuko kidogo cha sukari mfukoni au kwenye kitenge, vijiko 3 au 4 vimefungwa kwenye nailoni. Ndiyo, sukari ileile tunayoikataza. Akianza kutetemeka, au kipimo kikishuka chini ya 70, anywe vijiko 3 ndani ya maji, au nusu ya soda ile ya 300. Angoje dakika 15. Asipopata nafuu, arudie. Akipata nafuu, ale chakula cha kweli, hata kiazi kimoja na maharagi, ili isishuke tena. Kama amezimia, msimmiminie kitu chochote mdomoni, ataingiwa na maji kwenye mapafu. Mlalisheni ubavu na mkimbie naye kituo cha afya.

KUFUNGA, KILIO NA KUKIMBIA

Mambo matatu yanavunja utaratibu wote tuliousema, na yote matatu ni ya kwetu.

La kwanza ni kufunga. Kuko makanisa yanayofunga siku tatu kavu, na kuko ndugu zetu Waislamu wanaofunga Ramadhani. Mwenye kisukari amwone muganga kabla, si siku ya pili ya mfungo. Uislamu wenyewe umempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na wachungaji tuliozungumza nao wanasema mgonjwa anaweza kuomba huku anakula. Aliyeanza kufunga na sukari ikashuka, afungue hapohapo.

La pili ni kilio na sherehe. Pale wanagawa wali, soda na maandazi, na kukataa ni kama kumtukana mwenye msiba. Kula kidogo nyumbani kwanza. Ukifika, pokea sahani, ule mboga na nyama, wali mafumba machache, mengine mpe mtoto aliye karibu, hatakataa. Omba maji. Pombe juu ya tumbo tupu na dawa ya sukari ni njia fupi ya kuanguka, iwe kasiksi, iwe lutuku.

La tatu ni kukimbia, na tunaomba Mungu atuepushe, lakini hatuwezi kujifanya hatujui. Mwenye sukari awe na mfuko wake tayari nyuma ya mlango: dawa za wiki mbili kama zinapatikana, kifuko cha sukari, karanga au biskuti kavu, na fishi yake ya hospitali ndani ya nailoni isilowe. Kuanzia mwaka 2005 wengi wetu tulirudi kwa meli kutoka Kigoma, na kati yetu walikuwepo waliotunza karatasi zao za matibabu za kambini. Hao walipofika waganga wa huku walijua pa kuanzia. Viatu visisahauliwe. Mguu wa mwenye sukari hausikii mwiba wala jiwe la moto, na kidonda kidogo cha njiani kimeondoa miguu ya watu. Hata siku za amani, miguu iangaliwe kila jioni, na kwa nyayo muombe mtoto akusaidie kuona.

KWA WAFADHILI WETU

Wageni wetu, aksanti kwa kufika na kwa yale mliyokwisha kufanya. Kambini matibabu hatukuyalipia. Huku fishi inalipwa, kipimo kinalipwa, dawa inalipwa, na mwenye kisukari hanunui dawa ya siku saba kama ya malaria, ananunua ya maisha. Tunaomba mtusikilize katika mambo matatu.

Kwanza, mashine ya kupima sukari bila bandeleti ni kama boti bila mafuta: inaelea, haiendi. Kila aina ya mashine ina bandeleti zake na hazikubali za nyingine. Ni afadhali mtuletee aina moja, mashine chache, na bandeleti zinazofika kila mwezi, kuliko mashine nyingi za aina nyingi zinazolala kabatini.

Pili, mnapowagawia familia chakula, mizani isielemee wali na sukari. Maharagi, karanga, ndagala na mafuta kidogo vinamsaidia mgonjwa na mtoto kwa pamoja. Mbegu za mboga ni nyepesi kubeba, na zinabaki.

Tatu, insulini inataka ubaridi, na nyumba zetu hazina friji. Wenzetu wanaihifadhi ndani ya mtungi wa udongo, au chungu kidogo ndani ya kikubwa na mchanga uliolowa katikati, kivulini, chupa ikiwa ndani ya nailoni isiguse maji. Inasaidia, lakini chupa za akiba zinahitaji friji ya kweli. Friji moja ya jua katika kituo cha afya inalinda insulini ya kijiji kizima.

TUNAYOOMBANA SISI KWA SISI

Wafadhili wanakuja na wanakwenda, chama kinabaki. Kwa hiyo kamati inaleta mbele yenu mapendekezo manne, myajadili leo na kuyapitisha au kuyakataa.

Chai ya mikutano yetu ipikwe bila sukari, bakuli la sukari liwekwe pembeni. Kila mwenye kisukari awe na jirani mmoja wa chama anayejua jina la dawa yake, anayejua dalili za kushuka, na anayepita kumwona kila siku mbili. Kutoka kila likelemba, sehemu ndogo iwekwe kwenye kasha la bandeleti, mweka hazina aisome hesabu yake mbele ya wote kila mkutano. Na kila anayefikisha miaka 40, au mama aliyewahi kuwa na sukari wakati wa mimba, au mwenye mzazi wa sukari, apimwe mara moja kwa mwaka, hata kama hasikii kitu.

Ndugu zetu, tulipokuwa kambini chakula chetu kilipimwa na wengine, kwa kopo, kwa kadi, kwa foleni. Tulilalamika, na tulikuwa na haki ya kulalamika. Leo kopo liko mikononi mwetu. Tusipime kwa kunyimana, tupime ili baba asipoteze mguu, mama asianguke shambani, na mtoto asishibe bugali huku mwili wake una njaa.

Waganga wako tayari pale chini ya mwembe, na bandeleti za leo zipo. Waliokuja bila kula waanze wao, kisha waende kwa mama zetu wapishi, sahani zimekwisha kupakuliwa.